Bibi Aliyekuja Kuthibitisha Uhai

Juzi, katika ofisi moja ya mji wa Ibra, huku Omani, nilikaa jirani na bibi aliyekuja kuonyesha kuwa yu hai, asije akakatiwa pensheni. Ukutani televisheni isiyo na sauti ilionyesha filamu kuukuu ya New York: farasi, magari, na wanaume wenye kofia wakivuka njia kama siafu.

"Subhanallah," akaninong'oneza. "Hawa wote wameshakufa?"

"Wote, bibi."

"Na tazama wanavyokimbilia kazini!"

Namba yake ikaitwa, hakusikia. Katika filamu, mwanamke mmoja mwenye kikapu alikuwa amesimama katikati ya njia, akatutazama, akapunga mkono. Bibi naye akampungia, machozi yakimlenga.

Namba ikaitwa mara ya mwisho. Asiyeitika hurudi Jumapili, wiki ya kazi ianzapo. Karani kijana akachungulia dirishani, akauona mkono wa bibi juu.

"Shikamoo bibi. Namba hii yako?"

"Marahaba. Ngoja, mwanangu, nasalimiana na mtu."

Karani akaitazama filamu, kisha akagonga muhuri wa uhai bila kuuliza kitambulisho.

Sina neno. Ila kwa kipimo hicho, yule mama wa kikapu naye alistahiki muhuri wake.