Chetezo Kisicho na Moshi

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na nimeshakunywa chai. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu: ukiwaambia umeona kitu, swali la kwanza ni ulikuwa umetumia nini. Sikuwa nimetumia kitu. Na mimi si mwepesi wa kuamini, muulize mke wangu. Hata akiniambia mchuzi umekolea chumvi, naonja kwanza.

Kazi yangu ni kufunga vigunduzi vya moto. Naishi Ukunda, na kwa miaka mingi nilikuwa nikifanya kazi kwenye mahoteli ya Diani, nikifunga vile vyeupe vya mviringo unavyoviona darini ukilala chali, vinavyonusa moshi. Halafu akaniita Bwana Omari. Alikuwa amejenga ghala la kujazia mitungi ya gesi ya kupikia, ukishapita njia ya kuingia Gazi kuelekea Msambweni, kwenye kiwanja cha ukoo wao. Tangi lilikuwa nje, mabomba yanaingia ndani, na mitungi imepangwa ukutani. Akanionyesha boksi lililojaa vigunduzi vilivyong'olewa kwenye hoteli iliyokuwa ikikarabatiwa.

"Nifungie hivi, fundi. Ni vizima kabisa."

"Ni vizima, lakini si vya hapa," nikamwambia.

Palipo na gesi, kigunduzi chenyewe chaweza kuwa ndicho adui. Ndani yake mna umeme, umeme hurusha cheche, na cheche moja ikikutana na gesi iliyovuja hatabaki mtu wa kutoa pole. Mahali kama pale panataka kifaa kilichofungiwa ndani ya chuma kizito, waya wake umebanwa barabara, ili hata kikirusha cheche iishie humo humo. Tena cha kunusa moshi hakingefaa kitu. Moto wa gesi hauna moshi wa maana, na ghala lile lilikuwa wazi pande mbili, upepo unapita utakavyo. Nikamchagulia kile tunachokiita jicho, kwa sababu hakinusi, kinatazama. Kikiona mwali wa moto, kinapiga king'ora. Vigunduzi vya kunusa gesi nikavifunga chini kabisa, karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito, hutambaa chini kama maji. Bwana Omari alinung'unika, akakubali. Tukafungua koki ya tangi, gesi ikaingia kwenye mabomba kwa majaribio.

Basi siku ile ile ya majaribio, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, watu wote wakaenda msikitini, mimi nikiwa miongoni mwao. Hatujamaliza kuvaa viatu, tukasikia king'ora. Tukarudi mbio. Hapakuwa na moto, hapakuwa na mtu. Jicho la pembe ya nyuma ndilo lililolia. Nikakifuta kioo chake, nikalikagua, halina kasoro. Kesho yake adhuhuri likalia tena, jicho lile lile.

"Fundi, umeniletea jicho lenye wazimu," akasema Bwana Omari mbele ya vibarua wake. Nilikasirika, sikufichi. Kazi yangu naijua.

Ungekuwa wewe, ungemshuku nani? Mimi nilimshuku Mutua, bawabu wa pale, mtu wa bara. Wakati sisi tunaswali yeye hubaki peke yake. Nikamwambia uso kwa uso kwamba anaingia kule nyuma kuvuta sigara.

"Boss, wacha kunisingizia," akasema. "Mimi fegi niliwacha kitambo. Na huko corner siendi, hata unipeleke na nguvu. Huko kuna mtu huongea."

Nikazidi kumshuku. Mtu akishaanza kukuletea habari za sauti, ujue ana la kuficha.

Sasa kuna jambo lililokuwa linaninyima usingizi kuliko jicho lile. Ijumaa, Bwana Omari alikuwa amealika majirani na jamaa zake kuja kusoma dua ya kufungua ghala. Dua ni jambo jema. Lakini mama yake, Bi Mwanamisi, alikuwa ameshikilia kwamba jengo jipya haliingiwi bila kufukizwa, na kwamba yeye mwenyewe ataingia na chetezo cha makaa na ubani mpaka ndani, mpaka pembe ya nyuma. Nilipowaeleza kwamba kaa la moto ni moto, walinitazama kama mtu aliyetukana.

"Huo ni ubani, mwanangu," akasema Bi Mwanamisi. "Ubani haudhuru mtu."

Bwana Omari akanivuta kando. Siku ya dua, akasema, nilizime lile jicho, lisije likamwaibisha mamake mbele ya wageni. Nikikataa, atalitoa, afunge vile vya hotelini, na mimi nitafute kazi kwingine. Fikiria mwenyewe: wazee, akina mama na watoto wao mgongoni, wote ndani ya ghala la gesi, na makaa yanapulizwa katikati yao. Niliogopa, wallahi.

Alhamisi nikaamua kumkamata mvutaji sigara wangu, nimpeleke kwa Bwana Omari, jicho lipate heshima yake. Adhana ilipoadhiniwa sikuondoka. Nikakaa nyuma ya mizani ya kupimia mitungi, juu ya kreti. Mutua nilikuwa namwona pale langoni, ananipa mgongo, anakula muhogo. Hakusogea. Hilo liweke akilini.

Akaingia mwanamke. Sikuona alikotokea. Mtu mzima, mwembamba, kajifunga leso mbili, amebeba chetezo cha udongo kwa mikono yote miwili. Makaa yalikuwa mekundu, yanatoa mwali mdogo. Nikadhani Bi Mwanamisi ametuma mtu apajaribu kabla ya Ijumaa, na moyo ukanipasuka kwa hasira. Lakini mtu mzima ni mtu mzima.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Tafadhali, toa moto huo nje."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Nimechelewa kufukiza."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye shughuli zake. Akanipita karibu hivi. Ubani niliusikia, mkali, mpaka kooni. Ila moshi haukuwapo. Umewahi kuona ubani unafukizwa bila moshi? Nywele zikanisimama. Akaenda moja kwa moja mpaka pembe ya nyuma, akachuchumaa, akaweka chetezo sakafuni, akainama kuyapuliza makaa.

King'ora kikalia. Nami nikajitupa chini, mikono kichwani, nikingoja kufa.

Sikufa. Nilipoinua kichwa, pembe ilikuwa tupu. Mutua alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha muhogo mkononi, akaapa kwamba hakuna aliyepita lango. Alinitazama kwa shaka zile zile nilizokuwa nikimtazama nazo mimi. Nikachukua kile kifaa changu kidogo cha mkononi cha kupimia gesi, nikaenda pale alipochuchumaa. Karibu na sakafu hakikusema kitu. Nikaona mstari mwembamba kwenye saruji, wa mraba, umepakwa rangi juu ili usionekane. Nikakiweka kifaa juu ya ufa ule. Kilipiga kelele kama mtoto aliyefinywa.

Tukafunga koki ya tangi, tukazima umeme nje, nikamtuma Mutua msikitini mbio. Bwana Omari alipofika nilimuuliza swali moja tu: chini ya saruji hii mna nini?

Akatazama kando. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

Kilikuwa kisima. Kisima cha zamani cha ukoo, kirefu, kimekauka. Alipokuwa akijenga alitaka kukifukia, mamake akamkataza, kwa sababu kisima cha zamani kina wenyewe na hakifukiwi. Kwa hiyo akakifunika kwa bamba la saruji, akajenga juu, akanyamaza. Hata mimi hakuniambia, mimi niliyekuwa nikichagua kila kifaa kikae wapi. Bomba lilikuwa linavuja polepole chini ya sakafu, na gesi, kwa uzito wake, ilikuwa ikiteremkia kisimani tangu siku ya kwanza ya majaribio. Vigunduzi vyangu vya chini havikuinusa kwa sababu haikupita juu. Na pale pale, juu ya bamba lile, ndipo Bi Mwanamisi alipokuwa ameazimia kuweka makaa yake Ijumaa, kuwaridhisha wenye kisima.

Bi Mwanamisi aliletwa. Nilimweleza yule mwanamke. Akaniuliza leso zilikuwa za rangi gani, nikamwambia nyeusi na nyekundu, zimechakaa pindoni. Akaniuliza amesema nini, nikamwambia. Bi Mwanamisi akakaa chini, pale pale mchangani, akalia.

"Ni mama," akasema. "Alikuwa akikifukiza kisima hiki kila adhuhuri, mpaka siku aliyokufa."

Ijumaa dua ilisomwa nje, barazani kwa jirani, mbali, na ubani ukafukizwa huko huko. Bomba likatengenezwa, na kisima kikawekewa mlingoti wa bomba wa kupitishia hewa nje. Hakikufukiwa. Jicho halijalia tena.

Watu wengi nikiwahadithia husema, alhamdulillahi, bibi wa watu alikuja kuwaokoa. Huenda. Lakini mimi nilimwona, wao hawakumwona. Hakutazama huku wala huku. Aliyapuliza yale makaa juu ya gesi yetu bila kujali. Mtu anayekuja kukuonya hupuliza moto? Mpaka leo sijui kama alikuja kutuokoa au alikuja kufanya kazi yake tu, na sisi tulikuwa njiani.

Nami niliachiwa kitu. Tangu siku ile, gesi ikivuja popote, wenzangu husikia ile harufu mbaya inayotiwa kwenye gesi makusudi ili ijulikane ikivuja, mimi nasikia ubani. Nimeshazigundua koki mbovu nyingi hivyo, na wateja wananisifu. Ila nyumbani nimepiga marufuku ubani na udi, kwa sababu siwezi tena kutofautisha. Binti yangu alipoolewa, mke wangu na mashoga zake walimfukiza kwa siri, kama bibi harusi yeyote anavyostahili. Harufu ikanifikia ukumbini. Niliwafukuza wote nje, mbio mbio, bibi harusi na hina yake mbichi akasimama barabarani mbele ya bodaboda, watu wanacheka. Jikoni mlikuwa salama. Ulikuwa udi tu. Mwanangu hajanisamehe mpaka leo, na akija kututembelea hakai.

Najua nilimwaibisha. Naumia. Na nikiisikia tena, nitamtoa tena.

Kwa hiyo nakuasa wewe unayecheka. Jengo likikabidhiwa kwako, uliza chini yake mna nini, na umtazame usoni anayekujibu. Na ukisikia ubani mahali ambapo huoni moshi, usiguse swichi, usiseme utatazama kwanza. Toka. Mimi nilibaki kutazama.