Nilifunga hadi saa sita mchana msimu wa korosho, kumbe mabibo nilikuwa siyahesabu

Wakuu, shikamooni mlionizidi, na wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nikija kwa dada yangu Ruangwa naazima simu yake, nasoma nyuzi zenu mpaka chaji inaisha, sijawahi kuandika hata neno moja. Hata darasani niko hivyo hivyo, mwalimu akiuliza swali mimi naangalia meza.

Ila hili limenijaa kifuani. Nimeliandika kwenye daftari langu mpaka kurasa zimeisha, sasa naliweka hapa. Sijaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu.

Niko form four, shule ya kutwa, kule Mnero wilaya ya Nachingwea. Naishi na bibi mzaa mama. Tuna shamba la mikorosho na wa kuokota ni sisi wawili.

Shida yangu ilikuwa usingizi wa mchana.

Najua kuna mtu atasema wanafunzi wote wanasinzia. Mkuu, mimi sikuwa nasinzia, nilikuwa nazimika. Kwenye mock, mtihani wa hesabu ulianza saa nane mchana. Nakumbuka swali la sita. Kinachofuata ni msimamizi ananigusa bega, mate yamelowanisha karatasi, na section B yote nyeupe.

Nilipata F. Hesabu ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote, na mtihani wa taifa pia unawekwa mchana. Nikajiambia nikizimika tena siku ile, basi, nimemaliza shule hivyo.

Likizo fupi nikaja huku kwa dada. Yeye anasuka nywele, na alikuwa amepungua sana. Akanionyesha kwenye simu mambo ya intermittent fasting. Unakula kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku, masaa mengine yote ni maji tu.

"Wewe unazimika kwa sababu unashindilia," akaniambia. "Tumbo likipumzika kichwa kinafanya kazi. Jaribu."

Nikachora jedwali kwenye daftari. Kila siku nitakayofunga, tiki moja.

Nilirudi Mnero korosho zimeanza kudondoka. Ratiba yangu ikawa hivi: alfajiri naingia shambani kuokota, saa moja kasoro niko mstarini shuleni kuhesabiwa namba, uji wa saa nne sinywi, kikombe changu nampa Zuhura, makande ya mchana nakula. Jioni shambani tena. Tukitoka huko tunakaa chini kunyonyoa korosho kwenye mabibo, ndipo tunapika. Ugali unaiva saa tatu, wakati mwingine saa tatu na nusu.

Hiyo saa mbili ya dada ilikuwa ya watu wa mjini. Nilikuwa najisamehe.

Zuhura ni rafiki yangu wa dawati moja. Yeye ni Muislamu, mimi Mkatoliki, na hakunionea huruma hata kidogo.

"Sisi tunafunga mwezi mzima wala hatuchori jedwali," alisema huku anakunywa uji wangu. "Wewe siku tatu tu, shule nzima tunajua."

"Shule nzima imejuaje? Nimekuambia wewe tu."

"Ndiyo hivyo."

Siku zikaenda. Tiki zikajaa. Lakini usingizi haukupungua, na juu yake nikapata kiungulia, koo linakwaruza, na ikifika saa tano ubao unaelea. Nikadhani ndiyo mwili unazoea. Nikakaza.

Asubuhi moja Zuhura alinipitia twende shule. Akanikuta chini ya mkorosho, ndoo ya korosho pembeni, maji ya bibo yananitiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Si umefunga wewe?"

"Nimefunga."

"Na hicho mdomoni?"

"Bibo."

"Ee?"

"Zuhura, bibo si chakula."

Akakaa chini kwenye majani, begi mgongoni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Sisi tukipiga mswaki tu tunaogopa dawa isiteremke kooni. Mwenzetu unamaliza nusu ndoo, halafu umefunga! Leo umekula mangapi?"

Sikujua. Ndiyo aibu yenyewe, sikujua.

Kwa msiotoka sehemu za korosho niwaeleze. Lile tunda ambalo korosho inaning'inia chini yake ndilo bibo. Huku kwetu halihesabiwi. Ukipita shamba la mtu unaweza kuokota bibo ukala, mradi korosho yake umemwachia pale pale chini, hakuna atakayekuita mwizi. Bibi akitoka shambani ameshakula kumi, ukimuuliza anakujibu tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Na hadanganyi. Ndivyo tulivyokua.

Kwa hiyo mimi tangu siku ya kwanza nilikuwa nafungua alfajiri, kwa tunda kali, tumbo tupu, halafu naruka uji, halafu nakula mlima wa ugali saa tatu usiku na kulala hapo hapo. Na daftari limejaa tiki!

Zuhura akanivuta kwa Madam wa Biology. Mimi nimesimama naangalia viatu vyangu, Zuhura ndiye anayeeleza kila kitu, mpaka na kiwiko.

Madam hakucheka. Akaniambia mwili wangu bado unakua, na mtoto anayeinama shambani tangu alfajiri haruki uji kwa sababu ya kitu cha kwenye simu. "Ukizidiwa na kizunguzungu nenda zahanati, usiende kwa dada yako," akasema. Kisha akasema kama nataka tumbo lipumzike, basi lipumzike usiku. Nile mapema, jua likiwa halijazama, nilale, na asubuhi ninywe uji kama wenzangu. Mabibo nile baada ya chakula, kama tunda.

Ilisikika rahisi. Lakini mapema ndiyo ilikuwa ngumu. Wakuu, msimu wa korosho hakuna nyumba inayopika jua likiwaka. Korosho ikibaki chini ikanyeshewa inakuwa nyeusi, inashushwa daraja. Ningeanzaje kumwambia bibi aache korosho chini kwa sababu mimi nina usingizi?

Sikumwambia. Nilikaa nalo siku nne.

Aliyemwambia ni Zuhura. Jumamosi alikuja kutusaidia kunyonyoa, akalimwaga lote, la mock, la mate kwenye karatasi, la mabibo. Bibi yangu Kiswahili anakisikia vizuri ila kukisema ni kwa mafungu, Kimwera ndiyo lugha yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono inanyonyoa. Akasema, "Haya." Basi.

Jumatatu tuko shambani, jua bado liko juu kabisa, nikaona bibi anafunga gunia.

"Bibi, kule mwisho bado miti mitatu."

"Naiona."

"Na mawingu yale?"

"Nayo nayaona, mke mwenzangu. Twende tukapike."

Nimekaa na bibi tangu darasa la pili. Sijawahi kumwona anaacha korosho chini. Huyu ni mtu ambaye korosho moja ikidumbukia kwenye miiba anaingia kuitoa. Alitembea mbele yangu na gunia kichwani, hakugeuka hata mara moja kuangalia ile miti. Mimi ndiye niliyekuwa nageuka.

Tulikula nikiwa naiona mboga kwenye sahani bila taa. Niliona kama tumefanya kitu cha ajabu sana.

Na ikawa hivyo kila siku. Siku moja mvua ikanyesha kweli. Asubuhi tukazikuta zimelowa, bibi akazitenga kwenye gunia la peke yake. Nilitaka kuomba msamaha. Akaniangalia, akasema, "Hizi zimeoga. Wewe nenda ukanywe uji."

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Siku ya tano au ya sita niliamka mwenyewe. Jogoo bado. Sikuamshwa na mtu. Nilikaa kitandani nikijisikiliza, kichwa kimetulia kama maji ya mtungini. Nikafungua notes za hesabu kabla ya kwenda shambani, na zile njia zilizokuwa zinanikimbia zikakaa. Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili, kweli kabisa, kama mtu anayekagua kama ni chake. Huu mwili miaka yote ulikuwa unaweza hivi? Hakuna dawa niliyomeza. Nimekula ugali na mboga ya maboga saa kumi na mbili jioni tu.

Ijumaa iliyopita tukafanya jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Hesabu, saa nane mchana, bati linachemka. Niliingia nangojea ule uzito uje kwenye macho.

Nikaandika. Nikageuza karatasi. Nikaandika. Niliposikia msimamizi anasema zimebaki dakika kumi na tano nikashtuka, nikadhani nimelala tena. Nikaangalia chini. Niko section B, swali la mwisho, mwandiko wangu umejaa. Kushoto kwangu wawili wamelala. Mimi niko macho! Machozi yakanitoka, ikabidi nijifanye napenga kamasi.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa tayari jikoni. Hakuuliza maswali yalikuwaje, hayajui. Aliuliza moja.

"Ulilala?"

"Sikulala, bibi."

Akageukia chungu, akakoroga kwa muda mrefu mboga ambayo ilishaiva. Mabega yake yalikuwa yanacheka. Au sijui kama yalikuwa yanacheka.

Matokeo bado, siwezi kuwadanganya kwamba nimepata A. Mtihani wenyewe wa taifa uko mbele. Lakini ninachojua sasa ni kwamba nilidhani hii ni kazi ya nidhamu yangu, mimi na jedwali langu. Jedwali lilikuwa linanidanganya. Kilichonifaa ni kula kwa wakati, kulala, uji, maji, na mtu mzima aliyekubali korosho zake zilowe bila kunihesabia.

Wanafunzi wenzangu, hasa wa vijijini wakati wa mavuno, naomba mniambie kwenu usiku mnakula saa ngapi, na mliwezaje kuwaambia wazazi. Na wataalamu wa afya mliopo, kama kuna nilipokosea nirekebisheni taratibu. Mimi ni mwoga wa kujibu ila nitasoma zote, dada amesema simu naweza kukaa nayo mpaka kesho mchana.