Wapangaji wa Chini ya Mawe

Dada yangu ni mwosha chupa katika kituo cha utafiti wa bahari. Ndivyo barua yake ya ajira inavyosema. Haisemi kwamba kwa miaka kumi na minane, kila bamvua, maji yakipwa kupita kawaida, yeye ndiye anayehesabu samaki wa kidimbwi kilicho nyuma ya kituo, kwa sababu waliosomea kazi hiyo wana mkutano.

Samaki wenyewe ni wembamba kama kamba ya kiatu, kama mikunga waliosahau kukua. Dada anawaita wapangaji, maana kila mmoja ana jiwe lake na hahami.

Mwezi uliopita mkuu wa kituo alitaka kujua kama kidimbwi bado kina samaki. Kama hakina, kifukiwe, magari yapate pa kuegeshwa. Jambo zito kama hilo haliachiwi mwosha chupa. Akaletwa mtaalamu kijana mwenye miwani ya kuzamia. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza Dada.

Mtaalamu alilala kifudifudi ukingoni, akatumbukiza uso kwenye maji ya kufika magotini, akakaa hivyo nusu saa. Akainuka, akaandika sifuri.

"Sifuri?" Dada akauliza.

"Hamna kitu, mama. Maji matupu."

"Nani kakwambia wamo majini?"

Kijana akanitazama, kama anayeomba msaada kwa mtu mwenye akili zake. "Mama, samaki hukaa majini."

"Yakijaa, mwanangu. Yakipwa hawa wanabaki chini ya mawe, kwenye mwani mbichi, mpaka maji yarudi. Mbona naandika kila mara? Hamsomi?"

"Fomu ina nafasi ya samaki waliomo majini tu."

"Ndiyo maana naandika pembeni!"

"Za pembeni huwa hatuziingizi."

Nilifikiria miaka kumi na minane iliyoandikwa pembeni. Dada akanigeukia mimi. "Na wewe msomi, umesimama tu kama mwavuli!"

Kisha akapiga magoti, akainua jiwe taratibu kama kifuniko cha chungu cha moto. Chini yake, samaki alikuwa amejikunja kuzunguka donge la mayai madogo meupe.

"Hesabu," akamwambia kijana. "Mimi kazi yangu chupa."

Kijana akahesabu. Akaenda jiwe la pili, akaliacha la kwanza wazi.

"Rudisha paa la watu!" Dada akafoka. "Ukifunuliwa wewe kitandani utafurahi?"

Jiwe baada ya jiwe, samaki wakafika ishirini na watatu. Maji yalikwishaanza kurudi, viatu vya mtaalamu vimelowa. Alishika kalamu, akasita.

"Niwaandike wapi? Siruhusiwi kuongeza nafasi kwenye fomu."

"Futa sifuri."

"Lakini mama, hawamo majini. Nitakuwa nimedanganya."

Nilitegemea Dada alipuke. Badala yake akafunga upya kanga yake kiunoni, akasimama akitazama mawe. Nasi tukasimama. Maji yakapanda kwenye vifundo vya miguu, yakafunika jiwe la kwanza, la pili, hadi la mwisho.

"Haya," akasema kwa uchovu. "Sasa wamo. Andika."

Akaandika. Kidimbwi kipo hadi leo. Fomu nayo ni ileile, na Dada bado anaandika pembeni.