Siku Mshairi wa Kiebrania Alipoposa Komarock

Miaka ya tisini nilikuwa nikiandika tasnifu ya uzamili juu ya mshairi mmoja wa Kiebrania, ambaye yu hai bado na huandika riwaya pia. Kiebrania chenyewe sikijui. Nilimsoma kwa tafsiri ya Kiingereza, katika chumba cha kupanga mtaani Kayole, nikijiona msomi wa dunia nzima.

Tulipokwenda mtaa wa Komarock kuniposea mchumba, msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Kwa desturi yetu, mposaji hufyata mdomo mpaka aulizwe. Baba mdogo aliuza mitumba mtaani Umoja, na kusifu bidhaa alikujua.

"Kijana wetu yuko chuo kikuu," alisema. "Anasoma Kiebrania."

Baba wa msichana, mzee wa kanisa, aliketi wima. "Lugha ya Daudi?"

"Hiyo hiyo, mzee."

Nikakodolea macho vitambaa vya kochi. Kumkosoa msemaji wako mbele ya wakwe ni kujifukuza mwenyewe.

"Basi atuombee chakula kwa Kiebrania."

Sasa nilikuwa nimeulizwa. "Mzee," nikasema, "lugha siijui. Ninachokijua ni maisha ya mtu mmoja anayeiandika."

Kuku mezani akapoa kidogo.

"Haya, tupe hayo maisha."

Nikayatoa yote, kama mtu anayetetea tasnifu. Mwana wa fundi cherehani. Karani wa posta, kisha askari. Shairi lake la kwanza lilihusu kamba ya kuanikia nguo. Akaandika riwaya kuhusu ndoa yake, mkewe akaisoma, akafunga virago.

"Akaenda?" mama wa msichana akashtuka.

"Ndiyo, mama. Lakini riwaya ilipata tuzo."

Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo nilipong'amua kwamba anayepimwa pale ni mshairi wangu, na kwamba akikataliwa, nimekataliwa naye.

"Ana nyumba?"

"Vyumba viwili, vya kupanga."

"Na kusali?"

"Hugombana na Mungu, mzee. Hasa katika kitabu cha tatu."

Baba mdogo akanikanyaga mguu.

"Watoto anawalisha nini?"

"Anafundisha shule ya jioni."

"Afadhali." Mzee akanigeukia. "Na wewe, unaandika?"

Msichana alikuwa akipitisha maji ya kunawa. "Anaandika, baba," akasema. "Ila hajafikia kiwango cha kuachwa."

Mzee alicheka mpaka akatafuta leso. "Basi na afundishe! Na riwaya ya ndoa, hapana."

Baba mdogo akakubali kwa niaba yangu, bila hata kuniangalia.

Nafundisha mpaka leo. Mshairi wangu ametoa riwaya nyingine kadhaa, kuhusu ndoa nyingine kadhaa. Mimi nikianza tu sentensi inayomhusu mke wangu, yeye huja akasimama nyuma ya kiti na kuuliza kama wazee wa Komarock wana habari. Hadithi hii ameisoma. Amefuta aya mbili, zile nzuri.