Saa ya Ukutani ya Albina

Saa ya ukutani ya Albina ilikuwa imetegeshwa ili mshale mfupi usimame kwenye namba ileile inayotajwa mdomoni. Ikiwa saa nne asubuhi, mshale uko kwenye nne. Mambo ya kutazama kumi ukasema nne aliyaona ni kusumbuana bure. Mgeni aliyefika kwake Katandala akacheka aliambiwa, "Ukitaka saa ya watu wengine, nenda kaitazame kwao."

Bintiye Silvana alikua chini ya saa hiyo, na Jumatatu ile alikuwa chini yake tena, kainamia kompyuta, machozi yako karibu. Ofisi ya ramani ilikuwa imemweka kwa majaribio, na siku hiyo ndiyo ya kuamuliwa abaki au aondoke. Alitakiwa kutafuta picha ya setilaiti ya moto uliounguza msitu kule Mwazye. Habari za moto alizitoa mama yake mdogo, Bertilla, kwa simu: "Jana saa nne asubuhi, tunatoka misa, tukaona moshi."

Lakini mashine haijui "jana" wala "tunatoka misa". Inataka uitengenezee tarehe kwa kodi, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta: mwaka, mwezi, siku, saa, ndipo ikakutafutie. Silvana aliandika vyote, saa akaweka nne hadi tano, akabonyeza.

Hakuna picha.

Albina alikuwa anapeta ulezi mlangoni, jicho moja kwenye ungo, jingine kwa mwanawe.

"Labda wingu, mwanangu."

"Mwezi wa nane, mama? Wingu la wapi?"

"Basi labda hiyo setilaiti imelala."

"Setilaiti hailali."

"Kila kitu kinalala."

Albina alizima redio isiichanganye mashine. Alimfukuza jogoo. Alisali rozari, akairudia tangu mwanzo, kwa kuwa ile ya kwanza aliisali huku akiwaza mboga. Silvana alibonyeza tena. Hakuna picha.

Simu ikaita. Alikuwa bosi, Bwana Cornelius. Silvana akaiweka mezani, spika wazi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Picha iko wapi?"

"Haipo, bosi. Tarehe nimeweka, saa nne nimeweka..."

"Umeandika namba gani?"

"Nne."

"Silvana, mashine ikiona nne inajua ni saa kumi ya usiku. Umeituma gizani! Nani alikufundisha saa?"

Silvana akainua macho ukutani. Albina naye akainua, kisha akavuta kigoda, akapanda.

"Naivunja!"

"Mama, shuka!"

"Nani anaanguka huko?" bosi akauliza.

Silvana alifuta nne akaandika kumi, akafuta tano akaandika kumi na moja. Hapohapo Mwazye ikatokea, kahawia yote, na moshi mweupe umelala juu yake kama uzi. Akaituma. Kisha akaeleza ukweli wote, wa saa na wa kigoda.

Bwana Cornelius alicheka mpaka akakohoa. "Wakulima wote wanaotupigia wanasema saa kama mama yako, na mimi nageuza mojamoja kwa kichwa. Andika kodi ipokee saa inavyosemwa, iigeuze yenyewe. Kesho njoo nayo, tusaini mkataba."

Jioni Silvana akamwonyesha mama yake ile kodi. "Nimeipa jina lako. Saa ya Albina."

Albina hakucheka. Aliitazama saa, akaitazama kompyuta. "Kwa hiyo ramani za Rukwa nzima zinaitegemea hii?"

"Siyo hiyo yenyewe, mama, ni..."

Albina alikwishajifunga kitenge, yuko njiani kwenda dukani kwa Eustaki.

"Nipe betri ya saa."

"Moja, mama Silvana?"

"Mbili, moja ya akiba. Na usinipe zile zilizokaa juani, Eustaki. Ikizima hii, mkoa mzima utakuwa gizani."