Bafu Lililohamia Mtini

Bafu la bibi yangu bado linaning'inia juu ya mgunga. Nyumba yake imeanguka, zizi limekuwa shamba la mihogo la watu nisiowajua. Lakini mwezi uliopita, niliposhuka kwenye bodaboda pale Kenyamonta, nilikuta nyuzi nyeupe za sandarusi, ile plastiki ya magunia, zikipeperuka kwenye matawi yale yale, zimefumwa viota ambavyo hakuna ndege anayelala ndani yake.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukisikia hivi utadhani natania.

Bibi alikuwa na bafu la nje kama kila mtu: miti minne, magunia ya sandarusi yaliyopasuliwa na kuzungushwa, na jiwe bapa la kusimamia. Juu yake ulikuwepo mgunga, na mgunga ulikuwa wa kwera, wale ndege wa njano wenye uso mweusi ambao kelele zao huanza kabla jua halijatoka. Tulikunywa uji wa wimbi huku vipande vya nyasi vikitudondokea kikombeni. Bibi hakuruhusu mtu awarushie jiwe. Watoto wake wote walikuwa wamehamia mjini, nami nilikuja likizo tu. "Hawa wakiondoka," alizoea kusema, "nitaamka kwa sauti ya nani?"

Mimi nilipewa kazi ya kulinda mtama ulioanikwa, kazi yenye nafasi kubwa ya kutazama juu. Dume ndiye mfumaji. Huchana ukanda mwembamba wa jani la mhindi, hufunga kwenye ncha ya tawi, hufuma pete, kisha chumba. Akimaliza hujining'iniza mlangoni akipiga mbawa kuita majike. Jike huingia na kuvutavuta kuta kwa mdomo. Asiporidhika huondoka, na kiota kikikauka bila mwenyeji, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya tawi lile lile. Madume wachanga walituchekesha. Mafundo yao yalifunguka, kazi nzima ikaanguka bafuni, mara nyingine juu ya kichwa cha bibi aliyejaa sabuni.

Kisha ukaja msimu ambao mvua haikufika. Mahindi yalikauka yakiwa bado magotini. Mmoja wa wale wachanga, ambaye kiota chake hakijawahi kudumu, alitua kwenye ukuta wa bafu, akauma ukingo wa gunia uliochakaa, akavuta. Uzi ukatoka, mrefu. Safari hiyo kiota hakikuanguka. Jike aliingia, akavuta kuta, akabaki. Wenzake waliona. Haikuchukua muda, bafu lote lilikuwa na wezi wa njano.

Jirani yetu, mama mmoja asiyejua kunyamaza, alisimama njiani na ndoo yake kichwani.

"Mama, siku moja tutakukuta uchi! Hao ndege wanakuvua bafu mchana kweupe."

"Waache wajenge. Wewe ulipojenga, miti ulikata kwenye boma la nani?"

Jirani alicheka mpaka akatua ndoo. Na bibi, kwa furaha kwamba ndege wake wamebaki, akatundika gunia jingine zima kwenye kamba, liwe lao peke yao.

Mvua ziliporudi, wengi wao hawakuyarudia majani. Asubuhi moja tulimkuta jike ananing'inia chini ya kiota, mguu umenaswa na uzi, bado anapigapiga mbawa. Jirani alileta ngazi, akapanda katikati ya miiba na wembe mdomoni, akakata. Ndege aliruka akiuburuta mguu. Waliofuata hatukuwawahi, na wengi walikuwa makinda. Bibi alichoma magunia yote, bafu akalizungushia mabua ya mtama. Lakini sandarusi ilikuwa kwenye kila boma kijijini, na ndege walishajua.

Kilichowaondoa sikukitarajia. Nilimwona dume akijaribu kubomoa kiota cha zamani ili ajenge kipya. Alivuta hapa, akavuta pale. Jani lingekatika, uzi ule ulikaza tu. Ncha za matawi zilijaa viota visivyofunguka, hadi pakakosekana pa kuanzia. Msimu mmoja walikuja, wakauzunguka mti, wakaenda zao.

Baadaye baba mdogo alimchukua bibi akaishi naye Mugumu, kwenye nyumba yenye bafu la ndani. Kila nilipomtembelea, kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo, aliuliza, "Wamerudi?"

"Bado, bibi."

Aliuliza hivyo hadi ziara yangu ya mwisho kwake. Alikuwa hanikumbuki jina, ila swali alilikumbuka.

Safari hii ya mwezi uliopita, nikisubiri basi la Musoma pale Mugumu, niliona kibanda cha muuza mahindi ya kuchoma kimezungushiwa sandarusi. Kwera mchanga, uso wake bado haujawa mweusi vizuri, alikuwa ukingoni anavuta uzi. Nilipiga makofi. Aliruka, akatua kwenye bati la kibanda cha pili, akanitazama, akarudi. Sijui kama aliiga kwa ndege waliotoka kwenye mgunga wetu, au amegundua mwenyewe, kama yule wa kwanza. Basi lilipoondoka, uzi ulikuwa umetoka nusu.