Vitabu vya Wenzetu

Elimu yangu ni darasa la saba, na miezi kumi na moja ya chuo cha ualimu. Mwezi wa kumi na mbili walininyima. Walioninyima nawataja kwa vyeo vyao: mkuu wa chuo chetu, nje kidogo ya mji wa Tabora, na mkufunzi wa chuo jirani aliyekuja kutukagua.

Enzi zile za Ujamaa chuo chetu kilikuwa kipya, hakijatambuliwa. Ilikuwa mpaka wakufunzi wa vyuo vingine waje, wakae madarasani, wafungue makabati, waandike kwamba kinafaa. Bila karatasi yao, vyeti vyetu vingekuwa vya kufungia karanga. Mkuu alitutuliza kwamba wanaokuja si maadui, ni wenzetu. Neno hilo alilipenda mno.

Maktaba ilikuwa na rafu kumi na vitabu vya rafu moja. Basi siku chache kabla ya ukaguzi tukapelekwa stesheni kupokea masanduku ya vitabu. Tuliyabeba kichwani kwa njia ile ya zamani ya misafara. Mwenzangu mmoja, Mnyamwezi kama mimi, akanitania kwamba babu zetu walibeba pembe hadi pwani wakarudi na vitambaa, sisi tunabeba vitabu vya kuazima na tutarudi na njaa. Kisha tukapewa vipande vya karatasi na uji wa muhogo, tubandike juu ya mihuri ya chuo vilikotoka.

Uji wa muhogo ukikauka kwa joto la Oktoba hubanduka. Hata mtoto wa kwetu anajua. Mkuu hakutuuliza.

Siku ya ukaguzi mimi ndiye niliyewekwa maktaba. Mkufunzi akachomoa kitabu, karatasi ikamdondokea kwenye kiatu. Akausoma muhuri. Ulikuwa wa chuo chake.

"Binti, vitabu hivi ni vya nani?"

Mkuu alikuwa nyuma yake, amenikodolea macho. Nilijua jibu linalotakiwa ni neno moja tu, vyetu.

"Ni vya kwenu, ndugu," nikasema. "Tulivibeba Jumanne kutoka stesheni. Vya kwetu ni rafu ile moja."

Nilidhani atamgeuka mkuu. Akacheka. "Mkuu, huyu hajauelewa ujamaa. Vya kwenu, vya kwetu, tofauti iko wapi?"

"Kama haipo, andika basi kwamba mmetuazima," nikamjibu.

Hakuandika. Baadaye ndipo nilipojua kwamba muhula uliofuata mkuu wetu ndiye angekwenda kukikagua chuo cha mkufunzi yule. Hapo ndipo nilipolielewa neno wenzetu.

Chuo kikatambuliwa. Mimi wiki ile ile nikaambiwa sina moyo wa ualimu, nirudi kwetu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya mtihani. Wenzangu, walioulizwa madarasani wakasema vyetu, leo ni walimu wakuu, mimi nalima karanga, na sijutii hata herufi moja ya nililosema.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mkuu getini. Masanduku yalikuwa yamepangwa hapo, yanarudi yalikotoka. Akaniambia, bila hata haya, "Kwa kuwa unakwenda stesheni, jitwike na moja."

"Jitwike mwenyewe, mkuu. Si ulisema ni wenzako?"

Nikashika njia ya misafara, kichwani nina sanduku langu la bati peke yake.